Ngozi Imelala: Uchambuzi wa Tamasha la Muziki la Siku Mbili Nyanda za Juu Kusini

Kisa hiki ni cha tamasha la muziki lililofanyika katika mji mmoja mdogo kati ya Iringa na Mbeya, kando ya barabara kuu. Nilikuwa mtunza hazina wa kamati. Nimeondoa jina la mji, mwaka, majina ya watu, vikundi na kampuni. Hesabu ni zile za daftari letu. Nakiandika kwa ajili ya wenzangu wa Njombe, Mafinga, Tukuyu, Vwawa na kwingineko wanaotaka kuanzisha jambo kama hili, kwa sababu tulikosea mahali ambapo ni rahisi sana kukosea.

Usuli

Wazo lilizaliwa Zanzibar. Sisi wanne tulijichanga tukasafiri mwezi Februari kwenda Sauti za Busara, tamasha ambalo limekuwapo tangu mwaka 2004, na ambalo moyo wake ni Ngome Kongwe pale Mji Mkongwe. Sharti lao moja lilitugusa: kila anayepanda jukwaani apige na kuimba mubashara, hakuna kuchezesha midomo juu ya wimbo uliorekodiwa. Lilitugusa pia kwamba Mtanzania analipa kiingilio nafuu kuliko mgeni wa nje. Mchana tuliona msafara wa ngoma ukipita mitaani, na usiku tukakaa chini ndani ya kuta za Ngome tukisikiliza bendi moja baada ya nyingine. Joto la kaskazi lilikuwa bado kwenye mawe. Saa saba usiku vichochoro vilijaa watu wanaorudi kulala kwa miguu, taratibu, huku wakiimba walichokisikia.

Mwenyekiti wetu, ambaye sote tunamwita Mwalimu, alianza kuandika orodha nyuma ya tikiti yake ya basi tukiwa tunakaribia Kitonga. Tunao wapiga ngoma, alisema. Tunao wazee wanaojua ligombo, ile ala yetu ya uzi. Marehemu Hukwe Zawose alitoka Dodoma na ilimba na zeze mpaka kwenye majukwaa ya Ulaya, kwa nini wazee wetu wapigie harusi na misiba peke yake? Niliguswa, na bado naguswa nikiyakumbuka maneno yale. Nia haikuwa na kasoro.

Kamati iliundwa Machi: walimu wawili, mfanyabiashara wa mbao, mtangazaji wa redio, kijana mwenye studio ya kurekodi, na mimi. Tulichagua Ijumaa na Jumamosi ya wiki ya tatu ya Julai. Sababu zilikuwa nzuri. Mvua imekwisha, mahindi yamevunwa na mengine yameshauzwa, na Nane Nane bado, maana ikifika Agosti macho ya watu wa kanda hii yako Mbeya kwenye viwanja vya John Mwakangale. Baridi haikutajwa hata mara moja kwenye muhtasari wa vikao, na vikao vyenyewe tulikaa tumevaa makoti.

Mpango na bajeti

Bajeti ilikuwa Sh 18,600,000. Mitambo ya sauti, taa na jukwaa vilichukua Sh 5,200,000. Jenereta na dizeli Sh 900,000. Wasanii tuliwatengea Sh 4,800,000, na nauli, malazi na chakula cha wageni Sh 4,100,000. Vibali, leseni ya kupiga muziki hadharani, ulinzi na usafi vilikuwa Sh 1,600,000. Matangazo Sh 1,200,000. Akiba ya dharura Sh 800,000.

Upande wa mapato tuliandika wafadhili Sh 7,000,000, vibanda vya biashara 40 kwa Sh 30,000 kila kimoja, na kilichobaki, Sh 10,400,000, kitoke mlangoni. Maana yake kila siku waingie watu 1,040 kwa kiingilio cha Sh 5,000. Namba hiyo niliifikia mimi, na nilivyoifikia ni hivi: nilichukua pengo lililobaki nikaligawanya kwa bei ya tikiti. Sikuanza na watu. Sikujiuliza ni nani hasa katika mji ule, ambako kibarua wa shambani anaweza kufanya kazi siku nzima apate elfu tano hiyohiyo, atakayeitoa mara mbili mfululizo.

Wasanii walikuwa wa aina tatu. Bendi ya magitaa kutoka Malawi, iliyoingilia mpaka wa Kasumulu, kwa Sh 1,800,000. Kikundi cha kidumbak, muziki wa asili wa Zanzibar, watu sita na fidla yao, sanduku lao la besi na ngoma ndogo, kwa Sh 1,200,000. Waliobaki ni wa kwetu: vikundi vinne vya ngoma, kila kimoja Sh 250,000, waimbaji vijana Sh 700,000 kwa pamoja, na mzee mmoja wa ligombo Sh 100,000. Kikundi kikubwa cha ngoma kilikuwa na wazee 22. Gawa mwenyewe uone kila mmoja alipata nini.

Ratiba tuliinakili Zanzibar karibu neno kwa neno. Msafara saa tisa alasiri, milango ya uwanja saa kumi na mbili jioni, jukwaa kuanza saa moja usiku, wageni wakubwa kuanzia saa nne, kufunga saa sita kama kibali kilivyosema.

Ijumaa: siku ya kwanza

Msafara ulikuwa mzuri kupita tulivyotarajia. Vikundi vinne vilitoka stendi mpaka uwanjani, wanafunzi wakavifuata, madereva wa malori wakapunguza mwendo wakipiga honi kwa mdundo. Mama mmoja muuza ndizi alijitwisha tena beseni lake na kucheza nalo kichwani hatua kama hamsini, mkono mmoja kiunoni. Nilihesabu nyuso nikajiambia usiku tutakosa mahali pa kukanyaga.

Gari la mitambo lilichelewa, kwa hiyo majaribio ya sauti yalianza jioni na jukwaa likafunguka saa moja na nusu. Watu walikuwapo. Waimbaji vijana waliwachangamsha. Ila kufikia saa mbili na nusu niliona jambo kutoka pale mlangoni nilipokaa na kasha la fedha: walioingia walikuwa wamesimama mikono kwapani, na wengi walikuwa wanatazama saa. Daladala za mwisho za kwenda vijiji vya juu huondoka saa tatu na nusu. Ilipofika saa tatu na robo watu walianza kutoka, familia kwa familia, baba ametangulia, watoto wamefunikwa khanga juu ya sweta. Mmoja aliniambia kwa upole, "Ndugu yangu, muziki ni mzuri, lakini nikikosa gari hii nalala wapi?"

Wazee 22 walipangiwa saa tatu na dakika arobaini. Hapa ndipo penye kisa chenyewe.

Ngoma zao ni za ngozi ya ng'ombe iliyovutwa juu ya magogo. Usiku wa Julai huku kwetu joto hushuka chini ya nyuzi 10, hewa inapopoa umande hukaa juu ya kila kitu, na ngozi hunywa unyevu ule ikalegea. Dawa yake inajulikana tangu enzi za mababu: moto. Kabla ya kupiga, ngoma husogezwa karibu na moto mpaka ngozi ikauke na kukaza. Wazee walikuja na kuni zao wenyewe, wakawasha moto mdogo nyuma ya jukwaa. Msimamizi wa jukwaa akauzima kwa ndoo ya maji. Hakukosea kwa upande wake, maana jenereta na madumu ya dizeli vilikuwa hatua kumi tu kutoka pale. Lakini hakuwaambia wakaukokee wapi, kwa sababu mahali hapakuwapo.

Nilifika wakati majivu bado yanafuka. Kiongozi wao, mzee wa miaka sabini na kitu, alikuwa amechuchumaa, kiganja kimelala juu ya ngoma kubwa. Nilimwamkia, akaitikia. Akagonga ngozi mara moja kwa vidole. Ilitoa sauti kama ya mtu anayepiga gunia la unga.

"Mwanangu," akasema, "ngozi imelala."

Nikamwomba wapande hivyo hivyo, baba, ratiba imebana. Walipanda. Walipiga wimbo mmoja. Fundi mitambo alijaribu kuongeza sauti, akaongeza mngurumo. Wimbo ulipokwisha mzee aliinua mkono, wenzake wakasimamisha, wakabeba ngoma zao na kushuka kwa mstari bila kusema neno. Mshereheshaji akasema makofi tafadhali, na watu wakapiga makofi.

Kidumbak walifuata saa nne na nusu, vidole vya mpiga fidla vimekakamaa kwa baridi. Jenereta ilizimika katikati, ikatugharimu dakika thelathini na tano na fundi wa dharura. Bendi ya Malawi ilipanda saa tano na robo mbele ya watu wasiozidi sitini, wakiwamo wauza chipsi na askari. Walipiga kwa heshima yote, saa nzima kasoro robo. Nilihesabu kasha: tikiti 412, Sh 2,060,000. Nusu ya tulichohitaji haikufika.

Maamuzi ya usiku ule

Tulikutana saa sita na dakika arobaini usiku jikoni kwa gesti walikolala wageni, kwa sababu ndipo palipokuwa na jiko la mkaa. Mfanyabiashara wa mbao alitaka tuahirishe siku ya pili ili kuokoa fedha. Mahesabu yakamkatalia: mitambo, wasanii na malazi vilikuwa vimeshalipwa au kuahidiwa, na kuahirisha kungeokoa dizeli tu. Mtangazaji alitaka tuendelee vilevile na kutangaza zaidi asubuhi. Kijana wa studio alilaumu hali ya hewa.

Aliyetutoa kwenye kiza ni mama lishe aliyekuwa akitupikia chai ya tangawizi. Hakuwa mjumbe. Aliomba radhi kwanza kwa kuingilia mazungumzo ya wakubwa, kisha akasema, "Kesho si ni gulio? Hao watu mnaowatafuta saa nne usiku, saa nane mchana wote wako hapo sokoni. Wamekuja na magari yao, na hela ya mahindi wanayo mfukoni."

Palikuwa kimya. Miezi minne ya vikao, na kati ya wajumbe sita hakuna aliyeandika neno gulio.

Tuliamua mambo manne kabla ya kulala. La kwanza, kuhamisha ratiba nzima: kuanza saa saba na nusu mchana, kumaliza saa mbili usiku. La pili, kuweka eneo la moto kwenye kona ya uwanja, mbali na jenereta, likiwa na mapipa mawili ya maji, mchanga, na vijana wawili wa kulisimamia. La tatu, kushusha kiingilio hadi Sh 3,000 kwa mkubwa na Sh 1,000 kwa mwanafunzi, na mwenye kishina cha tikiti ya Ijumaa aingie bure. La nne, kuzungumza na madereva wa daladala sita wasubiri mpaka saa mbili na nusu usiku, kila mmoja kwa Sh 40,000.

Uamuzi wa tatu niliupinga. Niliona tunatupa fedha tukiwa tayari tunazama. Mwalimu aliniuliza swali moja: kati ya watu waliocheza kwenye msafara mchana, wangapi uliwaona mlangoni usiku? Nikanyamaza. Yule mama muuza ndizi sikumwona.

Asubuhi saa mbili Mwalimu alikuwa ofisini kwa afisa utamaduni, kisha polisi, kuomba saa zibadilishwe kwenye kibali. Walikubali, na nadhani walifurahi, maana shughuli inayokwisha mapema ni rahisi kulinda. Bendi ya Malawi walikubali kwa moyo mmoja. Kidumbak waliuliza tu kama jua litakuwapo. Kazi ngumu ilibaki moja, nayo ni kwenda kijijini kwa mzee. Mwalimu alikwenda mwenyewe kwa bodaboda, bila barua wala posho. Alikaa huko saa nzima. Alichoniambia aliporudi ni kwamba aliomba radhi, akaeleza habari ya moto, na mzee akamuuliza kuni ni za mti gani.

Jumamosi: siku ya pili

Kuni zilikuwa za mlingoti, yaani mkaratusi, kavu, zilizotolewa na mjumbe wetu wa mbao. Moto uliwashwa saa sita mchana. Kufikia saa saba wazee walikuwa wameuzunguka, na watoto wamewazunguka wazee.

Nitaeleza nilichokiona pale, kwa sababu ndicho kilichobadilisha tamasha. Mzee aliinamisha ngoma kubwa kuelekea makaa, wala si kwenye ndimi za moto, akawa anaizungusha kidogo kidogo kama mtu anayechoma hindi asiyetaka liungue. Kila baada ya muda aliigonga pembeni kwa ncha za vidole vitatu, akatega sikio, akaizungusha tena. Sauti ilianza nzito na bubu. Ikapanda. Ikapanda tena. Ilipofika alipopataka, aliigonga katikati mara moja kwa kiganja kizima, na watoto waliokuwa mbele waliruka nyuma kwa pamoja. Wakacheka, yeye pia akacheka. Watu waliokuwa wanapita na mizigo yao ya gulio walisimama nje ya uzio, halafu wakaja mlangoni kununua tikiti. Hakuna tangazo la redio lililofanya kazi kama ule mlio.

Walipiga saa tisa alasiri, chini, kwenye nyasi, si jukwaani. Fundi mitambo aliweka maiki mbili tu, mbali kidogo. Walipiga nyimbo saba.

Jambo la pili lilitokea saa kumi. Mzee wa ligombo alikuwa hajapanda kabisa Ijumaa, muda wake uliliwa na jenereta. Ligombo ni ubao uliochongwa kama mtumbwi mdogo, wenye uzi uliopitishwa kwenda na kurudi mara kadhaa, na kibuyu cha kukuza sauti. Sauti yake ni ndogo, ya kuzungumza na mtu aliye karibu. Fundi alipoweka maiki kwenye kibuyu spika zilipiga mluzi. Alipoisogeza mbali hakusikika. Mara ya tatu fundi mwenyewe alitoa wazo: tuzime kila kitu. Jenereta ikazimwa. Mshereheshaji akaita, "Kamwene!" Uwanja ukaitikia. Akawaomba watu wakae chini na kusogea. Kama watu mia tatu walikaa kwenye nyasi wakibanana, na kwa robo saa tulisikia ligombo, sauti ya mzee, na kwa mbali kelele za soko. Mwanamke mmoja mbele yangu alikuwa anafuata maneno kwa midomo. Alisema babu yake alikuwa akiimba ule wimbo, na hakuusikia tena tangu amzike.

Kidumbak walipiga saa kumi na moja jua likiwa bado linang'aa, na watoto hawakuachana na sanduku la besi. Bendi ya Malawi ilifunga kuanzia saa kumi na mbili na nusu hadi saa mbili kasoro. Mwishoni mpiga gitaa aliwaita wazee wapige pamoja naye. Walikubali, wakarudi kwanza kwenye moto dakika tano.

Si kila kitu kilikwenda sawa. Vyoo vilikuwa vinne, tulivyovipangia watu elfu moja ambao nao wangekuwa wanakuja na kuondoka usiku. Mchana, wenye watoto, foleni ilifika dakika ishirini na akina mama walilalamika kwa haki. Mlango ulikuwa mmoja. Vijana waliruka ukuta. Mtoto mmoja alipotea kwa karibu saa nzima na hatukuwa na mahali palipotengwa pa kumtangazia, mshereheshaji akalazimika kukatiza wimbo.

Matokeo

Jumamosi tuliuza tikiti 980 za wakubwa na 610 za wanafunzi: Sh 3,550,000. Vishina vya Ijumaa vilivyorudi vilikuwa karibu 200. Vibanda vilileta Sh 1,020,000, na wafadhili Sh 5,500,000, kwani mmoja alichelewesha ahadi ya Sh 1,500,000. Jumla ya mapato siku ya kufunga hesabu ni Sh 12,130,000. Matumizi yalikuwa Sh 18,510,000, maana fundi wa jenereta, daladala na gharama za moto na chai vilikula Sh 710,000 za akiba. Pengo: Sh 6,380,000. Mfadhili yule alipolipa mwezi wa tisa, likabaki Sh 4,880,000, ambalo wajumbe tulilibeba kwa kuchanga na kwa kuomba mwenye mitambo atupokelee kwa awamu. Tulimaliza kulipa Machi.

Uchambuzi

Watu wengi waliosikia kisa hiki hudhani Jumamosi iliokoa tamasha. Iliokoa muziki na heshima yetu kwa wazee. Fedha haikuziokoa. Hata kama Ijumaa nayo ingeleta Sh 3,550,000, tungekuwa bado chini kwa karibu milioni tano kabla ya ahadi ile iliyochelewa. Bajeti ilikuwa imevunjika tangu mezani, pale nilipoligawanya pengo kwa bei ya tikiti.

Na hili si la kwetu peke yetu. WOMAD, tamasha lililolitangaza wazo la muziki wa dunia, lilifanyika mara ya kwanza Julai 1982 huko Shepton Mallet, Uingereza, wakiwamo wapiga ngoma wa Burundi, likaacha deni kubwa. Deni lile lilishughulikiwa Oktoba mwaka huohuo, mmoja wa waanzilishi wake, Peter Gabriel, aliporudiana kwa onyesho moja na wenzake wa zamani wa bendi ya Genesis. Sauti za Busara yenyewe tuliyoiiga haikufanyika mwaka 2016 kwa kukosa ufadhili. Hata majina makubwa kama hayo yamewahi kuelemewa na gharama. Sisi tulitaka tikiti zibebe zaidi ya nusu ya gharama katika mji ambao haujawahi kulipia muziki wa asili. Laiti ningeanza na swali la watu wangapi wataweza kulipa kiasi gani, ningefika kwenye milioni tatu na nusu kwa siku, na kamati ingejua mapema kwamba kuna mgeni mmoja hatuwezi kumleta.

Kuhusu ratiba, kosa halikuwa kwenda Zanzibar kujifunza. Kosa ni kile tulichochagua kuchukua. Usiku wa Ngome Kongwe unawezekana kwa sababu ya mambo yasiyoandikwa kwenye ratiba: joto la Februari, mji wa kutembea kwa miguu, vyakula vya Forodhani mlango wa pili, wageni waliolala hatua chache kutoka pale. Tulichukua saa zao tukaacha sababu za saa hizo. Wakati huohuo lile la kiingilio nafuu kwa mwenyeji, lililotugusa tukiwa kule, tulilisahau mpaka usiku wa matatizo.

Lakini jambo ninalolirudia sana moyoni ni la moto. Bendi ya Malawi ilitutumia karatasi mbili kabla ya kuja: maiki ngapi, waya wa aina gani, spika ziwe wapi, maji chupa ngapi. Tulizisoma kwa makini na kutimiza kila mstari. Kidumbak walipiga simu mara tatu. Wazee wetu tuliwauliza swali moja tu: mko wangapi, ili tujue chakula. Hatukuwauliza wanahitaji nini ili wapige vizuri. Tulidhani tunawajua kwa kuwa ni wa kwetu. Mzee angejibu kwa neno moja, na neno lile lisingetugharimu chochote zaidi ya mzigo wa mlingoti na kona ya uwanja. Tuliunda tamasha kwa ajili ya muziki wao, na fundi wa muziki huo hakuwa na kiti kwenye kamati. Mama lishe pia hakuwa nacho.

Malipo ni sehemu ya jambo hilohilo. Sidai kikundi cha kijijini kilipwe sawa na bendi iliyovuka mpaka. Nauli, vyombo na jina vina gharama zake. Ila Sh 250,000 kwa watu 22 tuliipanga kwa mazoea, bila kuzungumza nao. Tuliwaongezea Sh 100,000 kutoka mifukoni mwetu Jumamosi usiku. Mzee alizipokea, akahesabu mbele yetu, akagawa hapohapo kwenye mwanga wa makaa.

Kilichofanya kazi Jumamosi kilikuwa kidogo na cha bei rahisi. Daladala sita ziligharimu Sh 240,000 na zilibakisha watu uwanjani hadi wimbo wa mwisho. Kuzima jenereta kwa robo saa hakukugharimu kitu. Kiingilio cha wanafunzi kilileta Sh 610,000, na hao wanafunzi ndio waliowavuta wazazi. Kwa anayepanga sasa hivi, ningemshauri atembelee uwanja wake saa ileile na mwezi uleule atakaofanyia shughuli, asimame saa mbili nzima bila kufanya kitu, aone magari yanaondoka saa ngapi na mwili wake unasemaje. Halafu aende kwa kila msanii, wa karibu kabla ya wa mbali, na karatasi tupu.

Mwaka uliofuata hatukufanya tamasha. Deni lilikuwa limetoka kulipwa na tulikuwa tumechoka. Kamati mpya ina watu tisa, wakiwamo mama lishe na mtu wa kikundi cha wazee, na mpango wake ni siku moja tu, ya gulio, kuanzia saa saba mchana, na mgeni mmoja kutoka nje. Tarehe ilikuwa bado haijapangwa mwezi wa nne, mzee alipompigia Mwalimu simu. Hakuuliza kama tamasha lipo. Aliuliza tarehe, kwa sababu mlingoti ukikatwa mvua zikiwa bado zinanyesha unahitaji miezi kukauka, na yeye alikuwa ameshachagua mti.